Maiti wa Mbwegere Walioamka Bila Ruhusa

Nchi hii sitaitaja jina, kwa sababu haikunituma. Wala msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Akiiona kupitia dirisha lake, hilo ni jambo kati yake na dirisha.

Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Mbwegere, na chini ya mji unapita mto Lumbwi. Kwa miaka kadhaa, kila masika, mto ule ulikuwa ukipanda hadi mitaa ya chini na kuchukua ulichokikuta: mbuzi, milango, vitanda, na mara nyingine wenye vitanda. Serikali ilihuzunika sana. Ilituma rambirambi mapema, wakati mwingine kabla maiti hawajapatikana, ili ionekane haikulala.

Basi ikafika wakati dunia nzima ikawa haina raha. Huko ng'ambo misitu iliwaka miezi mizima, visiwa vikaezuliwa mapaa, miji iliyozoea baridi ikazika watu kwa joto. Mataifa yakakutana, yakaamua kutuma wajumbe wazunguke waone ni nchi zipi zimejiandaa kwa maafa. Nchi yetu ikajibu kwamba imejiandaa. Baada ya kujibu, ikaunda Wizara ya Utayari.

Waziri wa Utayari alikuwa mtu mwenye sauti nzuri. Kwa sauti hiyo alikwisha kuongoza wizara sita, na zote alizitoka sauti yake ikiwa haina hata mkwaruzo. Yeye ndiye aliyeona kwamba wajumbe wasiletewe takwimu, waonyeshwe mafuriko. Si mafuriko yenyewe, maana hayo hayafuati ratiba, bali Zoezi la Kitaifa la Mafuriko. Gari la zimamoto lingemwaga maji kwenye uwanja wa mpira ulio kando ya mto, wananchi wangezama kidogo, na Serikali ingewaokoa mbele ya wageni.

Kazi ya kuandaa alipewa Kamishna Sefania Matonga, mtu mwembamba aliyepigwa pasi mpaka soksi, ambaye aliipenda ratiba kama wengine wanavyopenda watoto wao.

*

Zoezi lilihitaji maiti. Gari la matangazo lilipita mitaani likiwaita wananchi wazalendo waje kuandikishwa kufa; kila maiti angepata fulana ya kijani na sahani ya pilau baada ya kuamka. Walijitokeza wengi kuliko waliohitajika, na baadhi walirudishwa nyumbani kwa kukosa sura.

Siwatu hakujitokeza. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji wa magodoro ya sufi, anayeishi mtaa wa chini kabisa na mama yake, Bi Nyamizi, ambaye kiharusi kilimwacha na akili timamu na miguu isiyosimama. Siku zile Siwatu alikuwa na shughuli yake nyingine. Kaka yake Mwinshehe, aishiye Ng'ambwe huko juu mtoni, alimpigia simu kumwambia kwamba mvua ya milimani haikatiki, na yeye alikuwa akitafuta mtu mwenye mkokoteni wa kumpandisha mama kilimani.

Kamishna akamfuata nyumbani. Alieleza kwa upole kwamba Bi Nyamizi ameteuliwa kuwa Mwathirika wa Heshima: siku ya zoezi atabaki kitandani, na boti mpya ya mpira itakuja kumtoa dirishani mbele ya kamera za dunia. Na kwa kuwa nyumba haiwezi kutoa mwathirika bila kutoa maiti, Siwatu naye ameandikwa.

Siwatu akamwomba radhi, akasema mama yake angekuwa salama zaidi kilimani.

"Dada yangu," Kamishna akamwambia, "tukiwaondoa watu wote, Serikali itamwokoa nani?"

Jibu la swali hilo hata mimi nimelitafuta tangu siku ile.

Jirani yake, Mzee Kondo, alilipokea jambo hili kwa furaha. Alikuwa askari magereza mstaafu, na maishani mwake hakuwahi kupewa amri asiitimize. Jioni alilala barazani kwake chali, mikono ubavuni, akijizoeza kutokohoa, huku mkewe Mwasiti akimruka kwenda na kurudi na masufuria. Mwasiti alimwambia kwamba mtu hajifunzi kufa, atajua tu siku ikifika. Kondo hakumjibu, kwa kuwa alikuwa maiti.

*

Siku ya zoezi mbingu ya Mbwegere ilikuwa nyeupe kabisa, jambo ambalo Wizara ililipokea kwa kuridhika. Upande wa milimani kulikuwa na weusi mzito, lakini milima ile iko wilaya nyingine.

Hema la wageni lilisimamishwa ukingoni mwa mto, maana watu wa kamera walitaka maji yaonekane nyuma ya Waziri. Pembeni ya hema, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, iliwekwa boti ya uokoaji, ya rangi ya chungwa, zawadi ya wafadhili. Ilizungushiwa utepe mwekundu, na makasi yalilazwa juu ya mto wa hariri. Boti hiyo ilikuwa haijaguswa na tone la maji, na kwa mujibu wa itifaki isingeguswa mpaka Waziri akate utepe.

Kamishna akawapanga maiti uwanjani, safu mbili kando ya maji. Akawasomea masharti: kutojikuna, kutopiga chafya, kutofungua macho. Wangeamka kwa filimbi yake tu, na filimbi ingepigwa baada ya hotuba, mafuriko, uokoaji na wimbo wa taifa.

"Atakayeamka kabla ya filimbi," alisema, "atakuwa ameihujumu nchi."

Kisha akapita mwanamke wa itifaki, Leokadia, na kikapu kikubwa, akikusanya simu zao. Maiti hapigiwi simu. Siwatu alisitasita, akamwomba amwachie yake, maana anasubiri habari kutoka kwa kaka yake wa Ng'ambwe. Leokadia hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba kikapu atakaa nacho mwenyewe mapajani, hakuna kitakachopotea.

Siwatu akalala chali, kulia kwake Mzee Kondo. Akiinua kope kidogo aliweza kuona bati la nyumba yao ng'ambo ya uwanja, na dirisha ambalo mama yake alikuwa ndani yake, amevishwa kanga mpya, akisubiri kuokolewa.

*

Waziri alianza kuhutubia. Alisema kwamba nchi nyingine hungoja maafa yaje, lakini sisi tumeyatangulia. Alisema kwamba maji ni adui asiye na elimu. Wageni waliandika.

Akiwa ukurasa wa nne, simu moja ikalia ndani ya kikapu. Leokadia akaizima haraka. Ikalia nyingine. Akaizima. Zikalia tatu kwa pamoja, kila moja na wimbo wake, taarabu, kwaya na jogoo, hata Waziri akageuza shingo. Leokadia akatia mkono kikapuni, akawa anazima hii inaita ile, jasho likimtoka, mpaka kikapu kizima kikawa kinatetemeka mapajani mwake. Kila kioo alichokitazama kilikuwa na jina la mtu wa Ng'ambwe.

Katika safu ya mbele ya wageni alikuwapo bibi mmoja mfupi, mjumbe wa kisiwa cha mbali ambako pepo kali hung'oa mji kila baada ya miaka michache. Bibi huyo alikuwa amekwisha kuacha kuandika. Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza. Si hotuba, kitu kingine chini ya hotuba. Kisha akachukua mkoba wake, akavua viatu, akatoka hemani bila kuaga mtu na kuanza kupanda mlima kwa miguu mitupu. Kamishna akamtuma mhudumu amkimbilie, amwonyeshe choo kilipo.

Leokadia akapokea simu moja. Alifanya hivyo akiwa ameinama chini ya meza, kwa aibu. Sauti ya mwanamume ilisema kwa haraka: "Siwatu, daraja la Ng'ambwe limeondoka. Maji yamekuja yote kwa pamoja. Mpandishe mama sasa hivi."

Leokadia akaenda hadi kwa Kamishna, akamnong'oneza. Kamishna hakukasirika. Alitoa ratiba mfukoni, akaifuata kwa kidole, akamwonyesha: mafuriko ni saa sita na nusu, baada ya hotuba. Akamwagiza awaambie waliopiga wasubiri.

*

Uwanjani, Siwatu alihisi maji sikioni.

Walikuwa wameambiwa kwamba maji yatatoka upande wa gari la zimamoto, nyuma ya vichwa vyao. Haya yalitoka mtoni, miguuni, na yalikuwa ya baridi kuliko maji yoyote ya bomba. Akafumbua macho. Yalikuwa mekundu. Yalileta majani, kisha kandambili ya mtoto, kisha mlango mzima ukielea taratibu na kufuli lake bado limefungwa.

"Mzee Kondo," akasema bila kugeuza kichwa, "amka."

Kondo alijibu midomo ikiwa haichezi. "Filimbi bado."

"Haya si maji ya zimamoto."

"Najua, mwanangu. Filimbi bado."

Siwatu akainuka. Kwenye hema wageni wawili walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Akawaambia maiti wenzake, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayewaamsha watoto waende shule, kwamba mto umekuja na waondoke. Wakakaa kitako mmoja mmoja, wakatazama maji, wakatazamana, wakasimama. Kondo pekee hakusimama. Siwatu alimshika mkono, akamvuta. Mzee yule alikuwa mzito, na akajifanya mzito zaidi. Vijana wawili wakaja kusaidia. Kondo akang'ang'ania nyasi.

Hapo Siwatu akaona kwamba njia fupi ya kumwamsha ni filimbi, na njia ya kufika kwa mama yake ni boti, na vyote viwili viko hemani. Akakimbia, na vijana wale nyuma yake.

Kamishna akampokea mlangoni pa hema, mikono ameitanua. Alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba amekufa. Siwatu akamwomba apige filimbi. Kamishna akasema wimbo wa taifa bado. Siwatu akaomba boti. Kamishna akasema boti haijazinduliwa, Waziri yuko ukurasa wa sita kati ya kumi na mbili, na kwamba yeye Siwatu ana tope na wageni wanatazama.

Siwatu hakubishana naye. Alimpita, akaenda kwenye meza ya boti, na pale akasimama mikono mitupu mbele ya ule utepe, akiutafuta mwanzo wake.

Leokadia, ambaye katika miaka yote ya utumishi hakuwahi kutoa kitu bila sahihi ya mkubwa wake, aliweka kikapu chini. Akauchukua mto wa hariri kwa mikono miwili, akamletea.

Siwatu akashika makasi, akakata.

Bendi ya polisi ilikuwa imezoezwa wiki nzima kupiga mara tu utepe utakapokatika. Ilipiga. Matarumbeta yakajaa hema, wageni wakasimama kwa heshima, na Waziri, aliyekatizwa katikati ya sentensi kwa mara ya kwanza tangu aingie siasa, akageuka na uso wa mtu aliyeibiwa. Akafungua kinywa. Ndipo sote tukasikia kile alichokisikia bibi wa kisiwani, mngurumo usio na pumzi, na tukaona mto umesimama juu zaidi ya ukingo wake, una miti ndani.

*

Boti ilibebwa na maiti wanne hadi majini, na haikuwa mbali, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kufika kwenye meza. Kamishna, magotini ndani ya tope, aliwaamuru wachukue kwanza wageni, kisha maofisa kwa kufuata vyeo. Siwatu aliwaelekeza wageni mlimani, kule alikopita yule bibi, akasema wakimbie sasa hivi kwa miguu yao, maana wanayo. Wakakimbia. Yeye akageuza boti kuelekea mtaa wa chini, ambako walikuwa wasio na miguu.

Sijui niseme vipi yale makasia. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kuyatumia. Mafunzo yalipangwa yafanyike baada ya uzinduzi. Vijana wawili walipiga maji hovyo, mkondo ukawazungusha, nguzo ya goli ikapita ubavuni karibu iwatoboe. Siwatu alikuwa mbele, anasukuma magogo kwa mikono, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye bati la nyumba yao. Akaona maji yamefika kizingitini mwa dirisha. Kisha akaona dirisha halipo.

Hakulia. Alifikiri: nimemwacha avae kanga mpya kwa ajili ya watu wasiomjua.

Waliifikia nyumba upande wa paa. Kijana mmoja akang'oa bati kwa kasia, na Siwatu akaingiza kichwa gizani. Chini yake, karibu kabisa na boriti, Bi Nyamizi alikuwa anaelea. Godoro la sufi, ambalo Siwatu alilishona mwenyewe kwa mikono yake, lilikuwa limeinuka na maji likambeba hadi darini, na mama alikuwa ameishikilia boriti kwa mkono wake mzima, kanga imemganda mwilini.

"Ndio Serikali?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Afadhali," akasema Bi Nyamizi, akaachia boriti.

Waliwatoa na wengine: mkunga mmoja mzee, kipofu wa nyumba ya kona, wanawake wawili waliokuwa na watoto juu ya mwembe. Waliporudi upande wa uwanja, hema halikuwapo. Waziri alikuwa juu ya gari la zimamoto, walinzi wake wamemzunguka. Gari lile lilijazwa maji mengi kwa ajili ya mafuriko, hata mafuriko yakashindwa kulisogeza. Kamishna walimkuta amekumbatia mlingoti wa bendera. Wakamvuta ndani ya boti.

Siwatu alimwonyesha mahali palipokuwa na safu ya maiti. Palikuwa maji tu, ya kahawia, yakienda kasi. Kamishna akatia mkono kifuani, akaitoa filimbi, akaipiga. Akapiga tena. Aliendelea kupiga njia nzima mpaka boti ilipogusa nchi kavu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya.

*

Mzee Kondo alipatikana maji yalipopungua, amelala chali kwenye shamba la miwa, mikono ubavuni.

Usiombe kusikia jinsi redio ilivyomsifu. Waziri alitangaza kwamba zoezi limevuka malengo, na kwamba wageni wamekiri hawajaona popote onyesho lenye uhalisia kama lile. Kuhusu marehemu, alisema kwamba amekuwa Mfano wa Utii kwa vizazi vyote, na Wizara ikamtunuku nishani. Mwasiti alipoletewa, aliipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, akauliza kama Serikali ina mpango wa kumletea na mtu wa kuivaa. Ofisa aliyeileta akasema atalifikisha swali hilo.

Siwatu naye aliandikiwa barua ya kumtaka aeleze kwa nini alikata utepe. Hakueleza. Hakuwa na nafasi, kwa sababu mtaa wa chini ulikuwa unahama.

Juu ya Mbwegere kuna kilima kizuri, kikavu, kilichozungushiwa waya tangu Wizara ilipoundwa. Hapo ndipo makao makuu ya Utayari yangejengwa. Siku moja asubuhi waya ulikutwa umelala, na sisi wa mtaa wa chini tukiwa ndani, tunachimba mashimo ya nguzo. Hatukufanya mkutano. Mtu mmoja alipanda na shoka, wa pili akamfuata, na Siwatu alipanda na mama yake mgongoni.

Tuliletewa amri ya kwanza ya kuondoka, na ya pili. Ya tatu alikuja nayo Kamishna Sefania Matonga mwenyewe, kwa miguu, kwa kuwa dereva alikataa kuvuka daraja bovu. Hakuwa na askari. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini, na alikuwa amekonda zaidi.

Alimkuta Siwatu peke yake na nguzo ya kona, nguzo ndefu ya mninga, anajaribu kuisimamisha kwa mkono mmoja na kushindilia udongo kwa mwingine. Bi Nyamizi alikuwa kando, chini ya turubai, amelala juu ya godoro lililoanikwa likakauka. Kamishna akafungua karatasi, akasoma yote, vifungu na tarehe. Siwatu alimwacha amalize, maana mtu akisoma hakatizwi.

Milimani kulikuwa kumeshaanza kuwa kweusi. Tone la kwanza lilianguka kwenye karatasi, wino ukatanuka.

"Kamishna," Siwatu akasema, "shika hapa nishindilie."

Akauliza ni kwa mamlaka ya nani.

"Shika tu, baba. Inanilemea."

Alitazama chini, mtoni. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaja. Sisi wengine tuliokuwa kwenye nguzo zetu tuligeuza nyuso, tukajifanya tunapima kamba. Aliishika nguzo kwa vidole, kama mtu anayeshika kitu kisichokuwa chake, nayo ikayumba. Siwatu akamwambia aegemeze bega.

Akaegemeza.